Mzigo wa Kubeba Moja

Kwa kujumlisha, kazi ya kukariri ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kutoka 0+0 hadi 9+9 kuna jozi 100, na kwa kuwa 7+6 ni sawa na 6+7, za kushika kichwani ni 55 tu. Ukishazijua hizo, hata hesabu ya mabilioni haikudai jambo jipya isipokuwa moja: kubeba.

Chukua 487 na 356. Mamoja: 7 na 6 ni 13, andika 3, beba 1. Makumi: 8 na 5 ni 13, ongeza ile 1 iwe 14, andika 4, beba 1. Mamia: 4 na 3 ni 7, na 1 ni 8. Jibu ni 843. Shuleni huanzia kulia kwa sababu kinachobebwa huenda kushoto. Mwenye duka asiye na kalamu hufanya kinyume: 700, na 130 ni 830, na 13 ni 843. Naye yuko sahihi kabisa, tena akiteleza mwishoni hupoteza shilingi chache, si mamia.

Kubeba huko ndiko kulikomsumbua Blaise Pascal, kijana wa Kifaransa aliyeanza kuunda mashine ya kujumlisha mwaka 1642, kabla hajatimiza miaka 20, ili kumpunguzia baba yake hesabu za kodi mjini Rouen. Gurudumu la mamoja likivuka 9 na kurudi 0, lilipaswa kulisogeza la makumi hatua moja. Lakini 9999+1 inataka magurudumu yote yasogee kwa mpigo, na hapo mkono huelemewa. Pascal akaweka kwenye kila gurudumu kipande chenye uzito kilichoinuka polepole kadiri lilivyozunguka; lilipovuka 9 kipande kilianguka na kulisukuma gurudumu la jirani kwa uzito wake chenyewe.

Kompyuta nayo hubeba. Kwa kuwa ina 0 na 1 pekee, 1+1 kwake ni andika 0, beba 1, na wahandisi wamebuni saketi za kubaini mapema nafasi zipi zitabebeshwa.

Ukitaka kukagua jibu lako, jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja: 487 hutoa 1, 356 hutoa 5, jumla 6, 843 nayo hutoa 6. Jibu lisipolingana, umekosea. Likilingana, usishangilie bado: 834 pia hutoa 6.