Je, Wajua? Jina Moja Jaladani, Nyumba Nzima Kazini

Mtu wa Moshi husikia habari za wamisionari angalau mara mbili maishani: kwenye darasa la kipaimara, na kwenye jubilei ya usharika, risala inaposomwa kwa kituo jua likiwa utosini na pilau bado iko jikoni. Shida ni kwamba risala hutaja majina yaleyale. Safari hii tumewatafuta waliosimama nyuma ya majina hayo: wake, watoto, kadhi mmoja, wazee wa mila na kijana wa jikoni.

Je, wajua kwamba Mzungu wa kwanza kuutangazia ulimwengu kuwa kuna theluji Kilimanjaro alikuwa mmisionari mwenye mwavuli badala ya bunduki? Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kianglikana cha CMS, aliuona weupe ule tarehe 11 Mei 1848 akielekea Kilema, msafara ukiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara. Aliketi kupumzika, akafungua Zaburi ya 111, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa zamu yake ya kusoma siku hiyo.

Taarifa yake ilipofika Ulaya mwaka uliofuata, mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, alibisha vikali kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Huyo Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Wabishi wa aina hiyo tunao hata leo, ila siku hizi wana simu.

Je, wajua kwamba mangi wa Machame ndiye aliyemkatisha tamaa Rebmann, wala si baridi wala simba? Alirudi mlimani mara mbili baada ya safari ile ya kwanza. Katika safari ya tatu, mwaka 1849, alikusudia kupita Machame aende mbali zaidi bara. Mangi Mamkinga alimpokea vizuri, kisha akaanza kuomba zawadi, na zawadi zikazaa zawadi, mpaka mzigo wa safari nzima ukaisha. Rebmann aligeuza njia kurudi pwani, na Kilimanjaro hakuiona tena.

Na hili je? Rebmann alikaa pwani ya Mombasa na Rabai kwa miaka 29, kuanzia 1846 hadi 1875, bila kurudi kwao Ujerumani hata mara moja. Mwaka 1851 alikwenda Cairo akamwoa Emma, Mwingereza, akamleta Rabai. Emma akafia hukohuko mwaka 1866. Mumewe alibaki na kamusi zake huku macho yakififia, na alipoondoka hatimaye alikuwa karibu kipofu kabisa. Alioa tena mwaka 1876, na mwaka huohuo akafariki.

Tukiwa bado huko pwani: je, wajua kwamba tafsiri ya Biblia kwa Kiswahili ilianza katika nyumba iliyokaribia msiba? Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito. Mwezi wa Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Julai homa ikawalaza wote wawili. Rosine alijifungua binti, akafariki siku chache baadaye, na mtoto akamfuata. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alipopata nafuu alirudi kwenye meza ya kuandikia.

Na hakuandika peke yake. Aliyekaa naye kuirekebisha lugha alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohidin. Yaani kadhi wa Kiislamu alimsaidia mchungaji wa Kilutheri aliyeajiriwa na Waanglikana kuiweka Taurati katika Kiswahili, na hakuna aliyefikishwa barazani kwa kosa hilo. Sura tatu za kwanza za Mwanzo zilichapishwa mwaka 1847, tena Marekani, katika jarida la wataalamu wa lugha za mashariki.

Kwa haraka: kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka 1882. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Je, wajua nani aliyeifikia theluji yenyewe? Ni mmisionari mwingine, Charles New wa Methodisti, mwaka 1871, akipandia upande wa Moshi. Kuna ua la mlimani, lile la karatasi lisilonyauka, lililopewa jina lake na wataalamu wa mimea: *Helichrysum newii*. Wapagazi wa leo hulipita kila siku wakiwa na mitungi ya gesi mgongoni.

Je, wajua kwamba misheni ya kwanza kukaa Moshi haikuwa ya Walutheri? CMS waliingia kwa Mangi Rindi, yule ambaye vitabu vya Wazungu humwita Mandara, mwaka 1885. Askofu James Hannington alipita hapo mwaka huo, mke na watoto wakiwa wamebaki Uingereza. Kabla mwaka haujaisha aliuawa Busoga akielekea Buganda. Mwaka 1892 serikali ya Wajerumani iliwashuku Waingereza wale kuwa wanawachochea Wachagga, ikawaondoa, nao wakahamia Taveta ng'ambo ya mpaka. Huko wakaanzisha gazeti dogo, *Taveta Chronicle*, na kuanza kuitafsiri Injili kwa Kitaveta. Tafsiri iliyokuwa ije kwa Kichagga ikawa imevuka mpaka.

Hili wengi hulichanganya: Moshi ya wakati huo ni ile tunayoiita Old Moshi, juu migombani. Mji wa sasa ulizaliwa na stesheni, reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911.

Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Kidia, Old Moshi, mwaka 1896. Shirika lao lilikuwa na uzoefu wa miaka mingi kwa Watamili wa kusini mwa India, kwa hiyo walikuja na msimamo ambao hawakutaka kuujadili: mtu ahubiriwe kwa lugha ya mama yake. Kiswahili walikiona kimekaa kipwani mno na Kiislamu mno. Msimamo mzuri, mpaka walipogundua kwamba Kichagga si kimoja. Mtu wa Machame na mtu wa Mamba wakikutana sokoni huelewana kwa shida, na kila misheni ilikuwa imeanza kuandika cha kwake. Ikabidi kazi igawanywe: Kimashami magharibi, Kimochi katikati, Kivunjo mashariki. Huku nyuma serikali ya Kijerumani ikiendesha shule zake kwa Kiswahili bila maswali. Mimi naona Leipzig waliibeba hoja sahihi katika mkoba mdogo, kwa sababu vitabu vya kila lahaja vilihitaji wachapaji, walimu na wasomaji wake, na fedha ilikuwa ileile.

Je, wajua kwamba walipojaribu kuvuka kwenda Meru, wawili kati yao waliuawa? Ewald Ovir na Karl Segebrock walivamiwa Akeri usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896. Risala nyingi huishia hapo. Lakini pamoja nao waliuawa pia Wachagga waliofuatana nao, na baadaye jeshi la Wajerumani lililipiza kisasi kwa kuchoma na kupora nchi ya Meru. Miaka mitatu na ushee baadaye, tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli na viongozi wenzake walinyongwa na Wajerumani Old Moshi, mlima uleule wa misheni ya Kidia. Anayetaka kuelewa kwa nini baadhi ya wazee waliwatazama wamisionari kwa jicho la pembeni aanzie hapo.

Je, wajua kwamba mmisionari aliyeandika mengi kuliko wote kuhusu Wachagga alikuwa mwanafunzi kwanza? Bruno Gutmann, mzaliwa wa Dresden, alifika mwaka 1902. Mbali na vipindi vya mapumziko na vita, alikaa mlimani hadi 1938, miaka mingi zaidi ikiwa ya Old Moshi. Aliandika sheria za Wachagga, hadithi zao, na juzuu tatu za mafundisho ya jando na unyago. Hayo yote hakuyatoa kichwani. Wazee wa Old Moshi, akiwemo Mlasany Njau, walikaa naye wakimfundisha.

Mojawapo ya vitu walivyomweleza ni *mregho*: fimbo nyembamba ya mafundisho, iliyokatwa chale mstari kwa mstari. Mwalimu wa ngasi, yaani mafundisho ya jando, alipitisha kidole juu ya chale, na kila chale ilikuwa na somo lake kuhusu mwili, ndoa na uzazi. Kijana aliyefundwa aliweza kuifuata fimbo ile kama anavyofuata ukurasa. Gutmann, mtu wa kitabu kutoka nchi ya wachapaji, alikuta watu ambao tayari walikuwa na maandiko yao ya mti.

Gutmann hakutaka mila ivunjwe ili kanisa lijengwe. Alitaka ukoo, ujirani na rika viwe nguzo za usharika. Mpaka leo, katika sharika nyingi za mlimani, ugomvi mzito hausuluhishwi kwa barua. Mkosaji hutuma jani la isale, lilelile linaloota mpakani mwa vihamba, na ukishalipokea kukataa kusamehe ni kujitafutia balaa. Mchungaji anajua hilo vizuri kama mzee wa ukoo anavyolijua.

Kwa haraka: Agano Jipya la Kimochi lililobeba kazi ya Gutmann lilitoka mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka, na mwaka uleule vita vya pili vilipoanza.

Je, wajua habari za kijana wa nyumbani kwa Gutmann? Joseph Merinyo alikulia katika nyumba hiyo ya misheni, akajifunza lugha na tabia za wenye nyumba, kisha akatofautiana nao. Waingereza walipotawala akawa mkalimani wa serikali, na mwaka 1925 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNPA, akawa rais wake. Chama hicho ndicho kilichofungua njia ya chama cha ushirika cha KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933. Ukinywa kahawa kwenye jengo la KNCU mjini, kumbuka kwamba historia yake inapitia jikoni kwa mchungaji.

Na kahawa yenyewe? Hiyo ni sifa ya mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua Kilema mwaka 1891 na Kibosho mwaka 1893. Wao hawakuwa na wake wala watoto wa kuleta, lakini mibuni yao ya mwisho wa karne ya 19 ina wajukuu mlima mzima.

Je, wajua kuhusu mtoto wa mmisionari aliyegeuka kuwa mtaalamu wa utoto wa Kichagga? Mchungaji Johannes Raum alichapisha sarufi ya Kimochi mwaka 1909. Mwanawe Otto, aliyezaliwa mwaka 1903, alirudi kuwa mwalimu hukuhuku, na mwaka 1940 akatoa kitabu kizima kuhusu watoto wa Kichagga: jinsi wanavyobembelezwa, wanavyochapwa, na wanavyocheza mbali na macho ya wakubwa. Baba aliandika jinsi kitenzi kinavyonyambulika. Mwana akaandika anachokifanya mtoto mama akienda sokoni. Ukiniuliza mimi, cha mwana ndicho kinachosomeka.

Mapumziko mafupi mlimani: Mchungaji Richard Reusch, mzaliwa wa Urusi, alipanda Kilimanjaro mara nyingi mno, hata shimo la kileleni likapewa jina lake. Mwaka 1926 alimkuta chui aliyeganda karibu na ukingo wa kreta, akamkata kipande cha sikio kuwa ukumbusho. Ernest Hemingway akamwingiza chui huyo kwenye hadithi yake ya mwaka 1936. Chui mwenyewe hayupo tena.

Je, wajua kwamba kanisa la mlimani liliwahi kubaki bila wamisionari, wala halikufa? Mwaka 1920 Waingereza waliwafukuza Wajerumani, wake kwa watoto. Walutheri wa Marekani walikuja baadaye kusaidia, lakini waliozishika sharika siku hadi siku ni walimu Wachagga. Chuo cha ualimu cha Marangu, kilichoanzishwa mwaka 1912, kilikuwa kimeshawaandaa baadhi yao. Vita vya pili vilipowaondoa tena Wajerumani waliokuwa wamerudi, watu walikuwa wameshazoea. Stefano Moshi, mtoto wa Kotela, Mamba, aliliongoza kanisa la kaskazini, na KKKT ilipoundwa tarehe 19 Juni 1963 akawa mkuu wake wa kwanza.

Na Kiswahili kile kilichokataliwa? Kilishinda. Biblia nzima ya Kiunguja, kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere wa Zanzibar, ilitoka mwaka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake. Watu wa Mvita, yaani Mombasa, nao wakapata ya kwao mwaka 1914. Mjerumani Karl Roehl akatoa ya tatu mwaka 1937, akiwa amepunguza kwa makusudi maneno yenye asili ya Kiarabu, na Walutheri wa bara waliipenda. Mwaka 1952 ikaja ile ya Union, iliyokusudiwa kuwaunganisha wote. Ndiyo iliyo chini ya kwapa la kila mama anayeshuka Kiborloni kwenda ibada ya kwanza, ingawa tangazo la harambee bado hutolewa kwa Kichagga, ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

La mwisho: watoto wa wageni wa leo hawapelekwi tena Ulaya kusoma. Hospitali ya KCMC ilipokuwa inajengwa, kabla ya kufunguliwa mwaka 1971, ilibidi kuwe na shule ya watoto wa madaktari. Ikaanzishwa mwaka 1969 palepale Moshi, na tangu 2019 inaitwa UWC East Africa.