Hong Kong kwa Nauli ya Kivuko

Hong Kong ni mji ghali. Chumba cha kulala wageni chaweza kuwa kidogo hadi mlango ukifunguliwa unagonga kitanda, na bado bei yake ikamtoa mtu jasho. Ajabu ni kwamba yale yanayoufanya mji huu ustahili safari ndefu kutoka Dar es Salaam au Mombasa hayadai pesa nyingi. Mengi ni vyombo vya usafiri ambavyo wenyeji hupanda kila siku kwenda kazini.

Bandari imeupasua mji katikati. Kusini kuna Kisiwa cha Hong Kong, penye mabenki na ofisi. Kaskazini kuna Kowloon, rasi iliyoungana na China bara. Na upande wa magharibi kuna Lantau, kisiwa kikubwa zaidi, ambako uwanja wa ndege umejengwa kando yake. Waingereza walikitwaa kisiwa cha kwanza wakati wa Vita vya Kasumba, wakaongeza sehemu nyingine baadaye, na tarehe 1 Julai 1997 wakairudishia China yote. Eneo zima ni dogo kuliko Unguja, nalo linabeba watu wapatao milioni 7.5. Sehemu kubwa ni milima isiyojengeka, ndiyo maana nyumba zimepanda juu badala ya kutanda.

Anza na kivuko cha Star Ferry, kinachokwenda na kurudi kati ya Tsim Sha Tsui, upande wa Kowloon, na Central, upande wa kisiwani. Kampuni yake ilianza mwaka 1888. Vyombo vyake ni vya rangi ya kijani na nyeupe, na viti vya mbao vina migongo inayogeuzwa, ili abiria aketi akitazama mbele popote chombo kinakoelekea. Safari haifiki robo saa na nauli ni chini ya dola moja ya Marekani. Vuka jioni, jua linapotua na taa za maghorofa zinapoanza kuwaka. Kila saa 2:00 usiku majengo ya pande zote mbili hucheza taa kwa pamoja, onyesho lililoanza mwaka 2004. Limesifiwa kupita kiasi. Mwanga wa kila siku wa bandari ile unatosha bila mbwembwe.

Ukishuka Central, tafuta tramu. Hizi za ghorofa mbili, nyembamba, zimekuwa zikikata kisiwa mashariki na magharibi tangu 1904, na wenyeji huziita “ding ding” kwa sababu ya kengele zake. Unapandia nyuma, unashukia mbele na kulipa hapo, nauli ileile uende kituo kimoja au ufike mwisho. Panda juu, kaa kiti cha mbele kabisa, uuangalie mji: wauza dagaa na samaki wakavu wa Sheung Wan, nguo zilizoanikwa madirishani, wanafunzi, vikongwe na mifuko yao ya sokoni. Karibu na hapo kuna ngazi za umeme zinazopanda mlima kwa mita 800 hivi, zenye paa, zilizojengwa mwaka 1993. Asubuhi huteremsha watu kwenda kazini, kisha hugeuzwa na kupandisha hadi usiku wa manane. Ni bure.

Juu ya yote hayo kuna Kilele cha Victoria, mita 552. Treni ya kuvutwa kwa waya hupanda mteremko mkali kwenda huko tangu 1888, na foleni yake siku za mapumziko inachosha. Basi namba 15 hufika hukohuko kwa bei nafuu. Enzi za ukoloni hii ilikuwa Uzunguni yao: sheria ya mwaka 1904 ilimzuia Mchina kuishi kileleni, isipokuwa mtumishi wa bwana fulani, na ilidumu hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Wageni wengi hulipia roshani ya kutazamia mandhari. Usilipe. Fuata Lugard Road, njia tambarare inayouzunguka mlima chini ya miti, na mji wote utaukuta miguuni pako. Ndiyo, ni Lugard yuleyule aliyefika Buganda mwaka 1890 kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Kuanzia 1907 hadi 1912 alikuwa gavana huku.

Lantau itakula siku nzima. Vibanda vinavyoning’inia kwenye nyaya hukupitisha juu ya bahari na milima kwa kilomita 5.7, hadi kwenye sanamu ya Buddha ya shaba, mita 34, iliyokamilika mwaka 1993. Kuna vidato 268 vya kupanda kwa miguu.

Usiku una mitaa yake. Lan Kwai Fong, kilimani juu ya Central, ndiko kwenye baa na muziki wa kupasua masikio. Bei ni kali, hivyo vijana wengi hununua bia dukani wakanywea barabarani. Usiku wa kuamkia 1993 msongamano uliua watu 21 hapo, na tangu wakati huo polisi huongoza umati kwa ukali siku za sikukuu. Kwangu mimi usiku bora ni Jumatano katika Happy Valley, uwanja wa mbio za farasi uliozungukwa na maghorofa ya watu. Mbio hizo zilianza mwaka 1846. Kiingilio cha jukwaa la kawaida ni dola 10 za Hong Kong, na hata asiyebeti atafurahia kuwatazama wazee walioinamia magazeti yao ya mbio kana kwamba wako kwenye mtihani. Asiyetaka pombe wala kamari aende Temple Street, Kowloon: wapiga ramli, waimbaji wa opera ya Kikantoni, wali wa kuchemshwa kwenye chungu, kaa na kamba wa moto.

Msomaji wetu ana sababu moja zaidi ya kukaa Kowloon. Kwenye Nathan Road kuna Chungking Mansions, jengo la mwaka 1961 lenye maduka ya simu na kubadilishia fedha chini, na vyumba vya kulala vya bei nafuu juu. Wafanyabiashara wa Kitanzania na Kikenya wamekuwa wakifikia hapo kwa miaka mingi, na Kiswahili si kigeni kwenye foleni ya lifti. Kuna wapishi wa Kihindi na Kipakistani wenye nyama halali, na mwendo mfupi tu kuna msikiti mkubwa.

Mambo mawili kabla ya kukata tiketi. Visa ya China bara haihusiki na Hong Kong, ambayo ina uhamiaji wake na sarafu yake. Na nenda kati ya Oktoba na Desemba, hewa ikiwa kavu. Miezi ya joto huja na vimbunga, na ishara namba 8 ya tahadhari ya kimbunga ikipandishwa ofisi hufungwa, vivuko hutia nanga na tramu husimama.