Kasi ya mapigo ya kiini

Kasi ya mapigo ya kiini ni idadi ya mara ambazo saa ya ndani ya kompyuta hukatiza kazi ya prosesa katika sekunde moja, ili kiini cha mfumo wa uendeshaji kipate nafasi ya kufanya kazi zake. Kila mkatizo huitwa pigo. Pigo linapofika, kiini huongeza hesabu ya muda, huandika ni programu ipi iliyokuwa ikitumia prosesa, na huamua kama zamu ipewe programu nyingine. Kasi hiyo hupimwa kwa hezi. Hezi 100 ni mapigo 100 kwa sekunde, yaani pigo moja kila milisekunde 10.

Baadhi ya takwimu ambazo kiini huzipa programu huandikwa kwa mapigo, si kwa sekunde. Programu isiyojua ukubwa wa pigo ni kama mtu aliyeambiwa kwamba shamba lina hatua 4,500 bila kuambiwa urefu wa hatua moja.

Historia

Matoleo ya kwanza ya Unix, yaliyotengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani, yalihesabu muda kwa sehemu ya 60 ya sekunde. Namba hiyo ilitokana na umeme wa nchi hiyo, ambao ni wa hezi 60. Nchi nyingi za Ulaya hutumia umeme wa hezi 50, hivyo programu iliyoandikwa namba 60 ndani yake haikuweza kuwa sahihi kila mahali.

Linux kwenye prosesa za Intel ilianza na mapigo 100 kwa sekunde, lakini kwenye kompyuta za Alpha ilitumia 1,024. Katika toleo la 2.6, lililotoka mwaka 2003, kasi kwenye Intel ilipandishwa hadi 1,000. Tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005, anayeandaa kiini anaweza kuchagua 100, 250 au 1,000. Baadaye 300 iliongezwa.

Thamani mbili

Mabadiliko hayo yangeharibu programu za zamani zilizozoea 100. Kwa sababu hiyo Linux ina thamani mbili. Ya kwanza, HZ, ni kasi halisi inayotumika ndani ya kiini. Ya pili, USER_HZ, ni kipimo kinachotumika katika takwimu zinazotolewa kwa programu. Kiini hubadilisha hesabu kutoka kipimo cha kwanza kwenda cha pili kabla ya kuzitoa. Kwenye kompyuta nyingi USER_HZ ni 100, hata kama HZ ni 250 au 1,000.

Namna programu inavyopata thamani

Njia sahihi ni kuuliza. Kanuni za POSIX zinatoa wito wa sysconf(_SC_CLK_TCK), ambao hurudisha idadi ya mapigo kwa sekunde. Mtumiaji anaweza kupata jibu hilohilo kwa amri ya getconf CLK_TCK.

Katika Linux jibu hilo huwa limeshaandaliwa mapema. Kiini kinapoanzisha programu, huweka kwenye kumbukumbu yake jedwali dogo la taarifa za mfumo. Ingizo liitwalo AT_CLKTCK ndilo hubeba thamani ya USER_HZ. Maktaba ya glibc hulisoma programu inapoanza na kulitunza.

Kabla ya ingizo hilo kuwapo, programu za kuonyesha michakato, kama ps na top, zililazimika kukisia. Zilisoma jumla ya mapigo katika faili la /proc/stat, zikaigawanya kwa sekunde zilizopita tangu kompyuta kuwashwa na kwa idadi ya prosesa, kisha zikachagua namba inayojulikana iliyo karibu, kwa mfano 100 kwa jibu la 99. Idadi ya prosesa ikikosewa, jibu zima lilikosewa.

Mfano

Tuseme faili la /proc/[namba]/stat linaonyesha kwamba mchakato umetumia mapigo 4,500. Kwa USER_HZ ya 100, muda ni 4,500 ÷ 100 = sekunde 45. Kwa 1,024, mapigo hayohayo ni sekunde 4.4 hivi. Tofauti ni zaidi ya mara kumi, wala hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kutumia HZ ya ndani, inayopatikana katika mipangilio ya kiini, kukokotoa takwimu zilizokwisha kubadilishwa kuwa USER_HZ. La pili ni kuchanganya mapigo haya na CLOCKS_PER_SEC, ambayo hutumika na wito wa clock() na ambayo katika POSIX ni 1,000,000. La tatu ni kudhani kwamba mapigo hayakomi. Tangu toleo la 2.6.21 la mwaka 2007, Linux inaweza kusimamisha mapigo prosesa ikiwa haina kazi, ili kuokoa umeme. Kipimo cha takwimu hakibadiliki kwa sababu hiyo.

Programu inayotaka tu kupima muda uliopita haihitaji mapigo kabisa. Wito wa clock_gettime() huipa sekunde na nanosekunde moja kwa moja.