Turkana ya Vumbi, Turkana ya Maji

Mturkana huhesabu majira mawili tu: akamu, kiangazi, na akiporo, wakati wa mvua. Hana masika na vuli kama sisi wa Tanga. Na hayo mawili yenyewe hayafuati kalenda. Mvua hutarajiwa Machi au Aprili, lakini yaweza kukawia mpaka watu wakate tamaa, kisha ikashuka alasiri moja ikafanya kazi ya mwezi mzima. Nilikwenda mara mbili na kamera ile ile, Februari na Mei, nikarudi na picha za nchi mbili.

Lodwar, makao makuu ya kaunti, iko kando ya mto Turkwel kaskazini-magharibi mwa Kenya. Wakoloni waliiona kama jela isiyohitaji kuta: Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959, aliletwa hapa akawekwa kizuizini. Ukifika Februari utawaelewa. Ikigonga saa tatu asubuhi mwanga umeshakuwa mweupe kama chokaa, na kamera haioni tena uso wa mtu, inaona giza lenye meno. Mpiga picha ana saa mbili baada ya jua kuchomoza na nyingine kama hizo jioni. Katikati alale, kama wanavyolala mbuzi.

Lakini kiangazi si ufu. Waridi la jangwani huchanua wakati huo huo, maua ya waridi juu ya shina nene lisilo na jani hata moja. Mtoni, chini ya mikoma na migunga, nilimkuta mama akiangua maganda ya mgunga kwa upembo mrefu, mbuzi wake wakiyagombania kabla hayajatua. Mgunga wanauita ewoi, na ile ya kando ya mto ina wenyewe: familia hurithi haki ya kuitumia, na mgeni haingizi mifugo hapo kiholela. Nikamwomba ruhusa ya kumpiga picha.

“Niambie kwanza, hiyo picha inaenda wapi?”

Nikasema Tanzania. Akafikiri kidogo, akajifunga shuka vizuri, akarudi kwenye upembo wake. Swali lake ni la haki. Picha nyingi za Turkana zinazotufikia ni za mizoga ya mifugo; si za uongo, ila ni kama zote zimepigwa Februari.

Tahadhari moja: usidanganywe na mathenge. Mti huo wa kigeni, ulioletwa kuzuia jangwa, ni kijani mwaka mzima na umejaa miiba. Ukiupiga picha utadhani mvua imenyesha.

Kakuma iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Lodwar, kuelekea Sudan Kusini. Kambi ya wakimbizi ilianza mwaka 1992, walipofika vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kuikimbia vita. Leo humo utasikia Kisomali, Kiarabu cha Juba, na Kiswahili cha Wakongo na Warundi. Kambini hupigi picha bila kibali, na ni sawa hivyo. Mimi nilibaki kwenye Tarach, mto ambao Februari ni barabara, uwanja wa mpira na kisima kwa pamoja. Mito ya namna hii Wakenya huiita laga, sisi tungesema korongo.

Mei niliusubiri mto huo siku nne. Ya tano, jua likiwaka na Kakuma haijapata tone, mbali upande wa milima ya mpakani kulikuwa na wingu kama wino. Nilikuwa nimechutama nikibadilisha lenzi, kosa kubwa kwenye vumbi lile, nikasikia muuza mandazi wa Kikongo akipaza sauti: “Mayi inakuya! Mayi inakuya!”

Maji yalikuja taratibu kuliko nilivyodhani, rangi ya chai ya maziwa, yametanguliwa na povu, vijiti na ndara moja ya mtoto. Baada ya dakika chache hayakuwa na utaratibu tena. Mafuriko ya mto huu yamewahi kubomoa nyumba za watu, kwa hiyo kina mama waliita watoto kwa ukali. Nusu ya picha zangu zina madoa ya vumbi.

Alfajiri nilirudi. Maji yalikuwa yamepita, mchanga umelala laini, una nyayo za mbuzi tu na alama ya magoti mawili, pale msichana alipokwisha kuanza kufukua kisima.