Mgonjwa Mahututi na Mwanafunzi wa Uuguzi: Mafunzo kwa Vitendo Wilayani Rungwe

Mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, upo katika nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe. Ni nchi ya migomba, chai, viazi na mvua nyingi. Barabara kuu itokayo Uyole inapita Kiwira na Tukuyu, kisha inateremka Kyela hadi mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Katika barabara hiyo yenye kona, miteremko na ukungu hupita malori, mabasi na bodaboda, na baadhi ya wanaosafiri humo huishia hospitalini. Huko huwakuta mama aliyetoka damu nyingi baada ya kujifungua, mtoto mwenye malaria kali aliyeletwa kutoka mabondeni, mzee mwenye homa ya mapafu na kijana mwenye kisukari aliyepoteza fahamu.

Wengi wao hupokelewa katika Hospitali ya Wilaya ya Makandana mjini Tukuyu, au katika hospitali za mashirika ya dini kama Igogwe, na Itete iliyoko upande wa Busokelo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko jijini Mbeya, takriban kilomita 70 kutoka Tukuyu. Kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yanashindwa kazi, umbali huo ni mrefu. Saa ya kwanza ya ugonjwa wake, ambayo mara nyingi ndiyo huamua mwisho wake, ataipitisha wilayani, mikononi mwa wauguzi. Miongoni mwao yumo mwanafunzi aliyevaa sare ya chuo na mwenye kitabu cha stadi mfukoni.

Makala haya yanamhusu mwanafunzi huyo: afundishwe nini kuhusu mgonjwa mahututi, afundishwe wapi, na nani asimame kando yake anapojifunza.

Mahututi yuko wapi?

Neno "mahututi" likitajwa, wengi huona mbele yao chumba maalumu chenye mashine ya kupumulia, skrini inayolia na muuguzi mmoja kwa kila kitanda kimoja au viwili. Vyumba hivyo vina umuhimu wake, na Tanzania imeviongeza. Fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, uliofikia takriban shilingi trilioni 1.3 na kutolewa mwaka 2021 kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, zilitumika kwa sehemu kujenga majengo ya dharura na ya wagonjwa mahututi na kuweka mitambo ya oksijeni katika hospitali mbalimbali nchini.

Hata hivyo, utafiti mkubwa uliofanywa mwaka 2023 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2025, umeonyesha picha tofauti. Karibu mgonjwa mmoja kati ya kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na takriban asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida. Ndani ya siku saba, mmoja kati ya kila watano alikuwa amefariki. Jambo linalogusa zaidi taaluma ya uuguzi ni hili: miongoni mwa wagonjwa ambao upumuaji wao ulikuwa umeshindwa, karibu nusu tu ndio waliokuwa wakipewa oksijeni.

Takwimu hizi zinabadilisha namna ya kulitazama suala la mafunzo. Ikiwa mgonjwa mahututi amelala wodi ya wanaume, wodi ya watoto au wodi ya wazazi, basi huko ndiko mwanafunzi anapaswa kujifunza kumtambua. Kumpeleka Mbeya kwa majuma machache ili aione mashine ya kupumulia ni jambo jema. Lakini akirudi Makandana bila uwezo wa kumtambua mgonjwa anayezidiwa, safari yake haitakuwa imemfaa mgonjwa wa Tukuyu.

Huduma iliyozaliwa mikononi mwa wanafunzi

Historia ya huduma hii ina somo ambalo wanafunzi hawaelezwi mara nyingi. Mwaka 1952 ugonjwa wa kupooza uliukumba mji wa Copenhagen nchini Denmark. Hospitali ya Blegdam ilijaa wagonjwa ambao misuli yao ya kupumulia ilikuwa imelegea, na zaidi ya wanane kati ya kumi wa kundi hilo walikuwa wakifa. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alipendekeza mgonjwa atobolewe koo, awekewe mpira, kisha asukumiwe hewa kwa mfuko unaobinywa kwa mkono.

Mashine za kutosha hazikuwapo. Waliobinya mifuko hiyo walikuwa wanafunzi wapatao 1,500 wa udaktari na wa meno, wakipokezana zamu usiku na mchana kwa miezi kadhaa, huku wauguzi wakiwahudumia wagonjwa hao kitandani. Vifo vilishuka hadi chini ya nusu. Kutokana na tukio hilo kulizaliwa vyumba vya wagonjwa mahututi tunavyovijua leo. Asili ya huduma hii, kwa hiyo, ni mtu aliyefundishwa jambo moja vizuri na kukaa kando ya mgonjwa bila kuondoka. Mashine ilikuja baadaye kumpumzisha.

Mambo ya msingi yanayookoa

Mwaka 2021 wataalamu wa nchi nyingi, wakiwamo watafiti wa Tanzania, walikubaliana juu ya huduma muhimu za dharura na za wagonjwa mahututi ambazo kila hospitali duniani inapaswa kuzitoa. Orodha yao ina vitendo 40, na vingi havihitaji mtambo wa gharama kubwa: kufungua njia ya hewa, kumlaza ubavu asiye na fahamu, kutoa oksijeni, kuweka dripu, kuzuia damu kutoka, kupima sukari na kurudia vipimo kwa wakati.

Mwanafunzi hufundishwa kumkagua mgonjwa kwa utaratibu usiobadilika: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mwili mzima. Utaratibu huo humlinda asivutwe na jeraha linalotisha macho huku mgonjwa akikosa hewa. Hufundishwa pia namba za hatari kwa mtu mzima: kupumua zaidi ya mara 30 au chini ya mara 8 kwa dakika, mapigo ya moyo zaidi ya 130 au chini ya 40, shinikizo la juu la damu lililo chini ya 90, oksijeni iliyo chini ya asilimia 90.

Kati ya hizo, kasi ya upumuaji ndiyo hupuuzwa zaidi, ilhali haihitaji kifaa chochote ila saa na dakika moja kamili ya utulivu. Mkufunzi anayemkuta mwanafunzi ameandika "20" kwa kila mgonjwa wa wodi nzima anajua kwamba hakuna aliyehesabiwa.

Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni nacho kina mambo yake. Tukuyu hupata baridi kali katika miezi ya Juni na Julai, na kidole chenye baridi hakipitishi damu ya kutosha, hivyo kifaa huweza kutoa namba ya uongo au kutotoa kabisa. Dawa yake ni kuupasha mkono joto kwanza na kupima tena. Hina na rangi ya kucha pia huweza kukipotosha. Zaidi ya hayo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa hiki huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Kwa sababu hiyo mgonjwa anayehema kwa taabu asiachwe bila uangalizi ati kwa kuwa kifaa kinaonyesha 93. Namba isomwe pamoja na uso wa mgonjwa.

Lugha ni chombo kingine cha uchunguzi. Mwanafunzi aliyetoka Tanga au Mwanza anaweza kumwuliza bibi wa Kinyakyusa maswali kwa Kiswahili, akakosa jibu, kisha akaandika kwamba fahamu zimepungua. Huenda bibi yule hakuelewa swali tu. Kinyume chake kina hatari zaidi: fahamu zimepungua kweli, na mwanafunzi akadhani ni lugha. Anayemsalimu "Ugonile" na kumwomba ndugu aliyeketi kando amsaidie kuuliza, atapata kipimo cha fahamu kilicho sahihi zaidi. Ndugu huyo pia ndiye ajuaye kama mgonjwa wake jana alikuwa akizungumza vizuri.

Mfano wa kufundishia

Tuchukue mfano wa kutungwa. Kijana wa bodaboda ameanguka karibu na Kiwira na kuvunjika mfupa wa paja. Saa kumi na mbili jioni mapigo yake ni 98, anapumua mara 22, shinikizo la juu ni 118. Saa mbili usiku mapigo ni 116, upumuaji 26, shinikizo 110. Saa nne mapigo ni 128, upumuaji 30, shinikizo 96, viganja ni vya baridi, naye anaulizauliza maji na kutaka kuinuka.

Hakuna namba hata moja ya saa nne iliyovuka mpaka wa hatari uliotajwa hapo juu. Anayezitazama peke yake atasema mgonjwa ana maumivu. Anayezisoma zote tatu kwa mfuatano ataona mtu anayepoteza damu ndani ya paja au tumboni. Somo kuu ni hili: hali ya mgonjwa husomwa kwa mwelekeo, na mwelekeo hauonekani ikiwa vipimo vya saa mbili havikuchukuliwa.

Baada ya kuona, inabidi kusema, na hapa mwanafunzi wengi hukwama. Yeye ni mdogo, usiku ni mzito, na daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji. Ndiyo maana hufundishwa kutoa taarifa kwa mpangilio wa hali, historia, tathmini na ombi:

"Shikamoo, Sista. Kijana wa kitanda cha sita amebadilika. Ameletwa jioni kwa ajali ya pikipiki, paja limevunjika. Mapigo yamepanda kutoka 98 hadi 128, shinikizo limeshuka hadi 96, viganja ni vya baridi. Nahisi anatoka damu ndani. Naomba uje umwone sasa hivi, na mimi naandaa oksijeni na dripu."

Maneno hayo huchukua chini ya nusu dakika. Yana heshima, na yana ombi lililo wazi. Yakipokewa kwa "Asante, nakuja," mwanafunzi atasema tena siku nyingine. Yakipokewa kwa kejeli, atanyamaza, na unyamavu huo ataubeba katika kazi yake yote.

Muuguzi mlezi

Mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, Patricia Benner, alieleza mwaka 1984 kwamba muuguzi hupita hatua tano, kutoka mwanagenzi anayefuata kanuni tu hadi bingwa anayeiona hali nzima kwa mara moja. Hatua hizo hazipandwi kwa mihadhara peke yake. Sanamu ya mazoezi chuoni humwezesha mwanafunzi kukosea bila kumdhuru mtu, lakini sanamu haina viganja vya baridi. Kinachobaki hufundishwa kitandani na muuguzi mzoefu anayefikiri kwa sauti ili mwanafunzi asikie anavyofikiri.

Tatizo ni kwamba muuguzi huyo ana wodi nzima ya kuhudumia. Malezi ya wanafunzi huwa ni mzigo juu ya mzigo, na kitabu cha stadi huishia kusainiwa mwisho wa juma kwa vitendo ambavyo aliyesaini hakuviona. Saini ya namna hiyo haiwezi kumlinda mgonjwa. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka kila muuguzi asajiliwe na awe na leseni, lakini leseni hujengwa juu ya saini hizo ndogo za wodini. Chuo na hospitali vikikubaliana kwamba katika kila zamu awepo mlezi anayejulikana, mwenye wanafunzi wachache na dakika kumi za kujadili mgonjwa mmoja kabla ya makabidhiano, hatua kubwa itakuwa imepigwa bila kujenga ukuta hata mmoja.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Mgonjwa ana haki ya kujua kwamba anayemhudumia ni mwanafunzi, kuuliza nani anamsimamia, na kukataa bila kunyimwa huduma. Ana sababu pia ya kumkaribisha. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi huwezi kumtarajia aketi kando ya kitanda kimoja, lakini mwanafunzi anaweza.

Ndugu wa mgonjwa nao ni macho ya wodi. Mwite muuguzi au mwanafunzi mara moja ukiona mgonjwa wako anapumua haraka au kwa kukoroma, anashindwa kumaliza sentensi, ameanza kuweweseka au haamki, viganja na miguu ni ya baridi, hajakojoa tangu asubuhi, au damu inalowesha nguo. Usingoje mzunguko wa madaktari. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga aliye nyumbani, piga namba 115 ya mfumo wa m-mama, isiyo na malipo, upate usafiri wa dharura. Na mwanafunzi akija kuhesabu pumzi za mgonjwa wako kwa dakika nzima bila kusema neno, mwache amalize, kisha mwulize amepata ngapi.