Unauza skrini za gari? Muulize mteja haya kabla hujatuma mzigo

Mimi niko Olmotonyi, duka ni dogo, skrini nyingi nauza kwa simu. Hili la leo nimelilipia.

Mwaka jana mteja alinipigia anataka skrini ya inchi 9. Akalipa, nikapakia kwenye basi siku hiyo hiyo. Kesho yake jioni ananitumia picha, skrini imeungua. Kumbe gari ni Coaster. Coaster nyingi za dizeli zina umeme wa volti 24, skrini hizi za Android ni za volti 12, na fundi wake aliunga moja kwa moja bila kifaa cha kushusha umeme. Sikuwa nimeuliza gari gani, nikarudisha hela yote. Ikala kwangu.

Sasa nauliza kwanza: gari gani, la mwaka gani, nitumie picha ya dashibodi. Kwa Toyota nafasi ya redio mara nyingi ina upana wa milimita 200, redio ya saizi ya kawaida ni 178. Bila fremu inabaki mapengo pembeni, mteja anasema umemuuzia feki. Mimi fremu naiweka kwenye bei kabisa.

Wengi wanabadilisha kwa sababu gari limetoka Japani. Redio ya kule inaishia MHz 90 au 95, stesheni zetu zinapanda hadi 108. Mwambie hivyo, inauza kuliko kuandika "HD kali".

Halafu kuna waya wa hendibreki. Ukiungwa kwenye swichi yake, video ya mbele inacheza hendibreki ikiwa imevutwa tu. Wateja wanakuja na maneno: "Dogo, uunge kwenye bodi, nataka nione nikitembea." Kwa fundi ni dakika mbili. Mimi nakataa. Mwezi uliopita mmoja aliondoka kweli, na alikuwa anachukua mbili. Iliniuma, kodi ya fremu ilikuwa imefika. Lakini kuendesha bila uangalifu ni kosa kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, na mnaijua barabara ya Namanga pale Ngaramtoni siku ya soko, watu na punda wote wanavuka. Sitaki kupigiwa simu hiyo. Mwenye watoto muuzie za nyuma ya siti, zinacheza safari nzima na dereva hazioni. Kamera ya rivasi muuzie bila wasiwasi.

Mwenye basi la abiria mkumbushe pia kwamba kuonyesha muziki na filamu za watu kunahitaji leseni, kuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999.

Siku hizi kabla ya kutuma naandika WhatsApp: gari, volti, fremu, waya wa breki unaungwa wapi. Mteja asipojibu "sawa", mzigo haupandi basi. Anayetaka huo ujumbe aunakili, aandike SKRINI hapo chini, nitauweka.