Kiti Kimoja, Sanduku Mbele

Wamiliki wengi wa Road King, pikipiki ya safari ndefu ya Harley-Davidson, huibadilisha kwa kufunga kiti cha mtu mmoja na sanduku la nyuma linalotoka, ili siku za kazi iwe nyepesi mjini na siku za safari ibebe mizigo. Kiti hicho husifiwa kwa umbo lake. Naona faida yake kubwa ni nyingine: kinaacha nafasi ya kusogeza sanduku mbele, na jambo hilo linagusa usalama moja kwa moja.

Harley huuza keria mbili tofauti za sanduku hilo. Ile ya watu wawili huliweka nyuma ya mgongo wa abiria, kwa hiyo uzito mwingi huangukia nyuma ya ekseli ya nyuma. Ile ya dereva peke yake hulileta mpaka juu ya mahali ambapo abiria angekaa. Tuseme sanduku na vilivyomo lina kilo 20, na kutoka ekseli moja hadi nyingine ni kama sentimita 162. Uzito huo ukiwa sentimita 30 nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele hupungukiwa na kilo 3.7 hivi; ukiwa sentimita 10 mbele yake, gurudumu hilo huongezewa kilo 1.2. Dereva wa bodaboda aliyefunga gunia kwenye ncha ya keria anaijua hali hiyo: usukani unakuwa mwepesi mno.

Utaambiwa tofauti hiyo ya kama kilo tano si kitu kwa chombo chenye kilo zaidi ya 350. Kikiwa kimesimama, ni kweli. Lakini katika kuyumba, athari ya mzigo hukua kwa mraba wa umbali wake kutoka katikati ya pikipiki. Ukiuweka mbali mara mbili, athari inakuwa mara nne. Mtengenezaji kama BMW naye huweka kikomo cha kasi kwa pikipiki zake zinapobeba masanduku. Hoja kwamba kinachochomoka hulegea ina uzito zaidi, kwani bushi za vishikizo huchakaa kweli. Sukuma sanduku kwa mkono kulia na kushoto kabla ya safari. Likicheza, badilisha bushi kwanza. Anayebeba mwenzake kila wiki, naye, abaki na keria ya watu wawili, wala asidanganywe na picha za matangazo.

Kazi haiishi kwenye kufunga. Sanduku linapotolewa, waya za taa zake zichomolewe kwanza, kisha springi za nyuma zilegezwe: kwa kuzungusha kirungu cha kurekebishia katika Road King za tangu 2017, au kwa kupunguza hewa ya shokapu katika nyingi za kabla ya hapo. Zikiachwa zimekazwa kwa mzigo ambao haupo, gurudumu la nyuma litarukaruka kwenye kila tuta.